Gari la wagonjwa limechelewa: dakika zimepotelea wapi?

Kila kikao kuhusu huduma za dharura jijini huishia kwenye sentensi moja: magari hayatoshi. Huenda ni kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam, na kwa kipimo kinachotumika sana, cha gari moja la wagonjwa kwa kila watu 50,000, tungehitaji magari kama 108. Zungukia vituo saa 8 usiku uhesabu yale tu yenye dereva aliye macho, mafuta na oksijeni. Utarudi umenyamaza.

Lakini nimekaa dawati la simu za dharura miaka kadhaa, na nimeona gari zima, jipya, limeegeshwa mwendo wa dakika sita kutoka kwa mgonjwa aliyesubiri saa nzima. Gari la pili lisingemsaidia. Ndiyo maana hapa tutaanza na dalili, kama afanyavyo fundi mzuri: hafungui injini kabla hajauliza lilianza kugoma lini, na lilikuwa linafanya sauti gani.

Kabla ya yote: je, saa zimeandikwa?

Chukua simu 100 za mwisho zilizopigwa kituoni kwako. Kwa kila moja tafuta nyakati hizi: simu ilipoanza kuita, ilipopokelewa, gari lilipopangiwa kazi, magurudumu yalipozunguka, gari lilipofika eneo, mhudumu alipomgusa mgonjwa, walipoondoka, walipofika hospitali, na gari lilipokuwa huru tena. Kama hazipo, ugonjwa wa kwanza umeupata, na hayo mengine yote tutakuwa tunabahatisha.

Usisubiri programu ya mamilioni. Daftari la kaunta lenye safu tisa linatosha kuanzia. Kwa madereva wasiopenda kalamu, fungua kundi la WhatsApp la zamu na waambie waandike neno moja tu: NIMETOKA, NIMEFIKA, NIKO HURU. Simu inaweka saa yenyewe, wala haina huruma. Jina la mgonjwa lisiingie humo kamwe. Namba ya safari inatosha.

Angalia hasa nafasi kati ya "gari limefika" na "mhudumu kamgusa mgonjwa". Vituo vingi husimamisha saa gari likifika mtaani. Mgonjwa yuko ghorofa ya tano Kariakoo, lifti mbovu.

Dalili: "Nilipiga, hawakupokea"

Muulize kwanza alipiga namba gani. Mkazi wa kawaida ana 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 115 ya mfumo wa m-mama kwa wajawazito na watoto wachanga, na 199 ya kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Akishikwa na hofu hapigi hata moja kati ya hizo. Anampigia binamu yake ambaye ni nesi. Mimi mwenyewe nimepigiwa hivyo na ndugu, tena nikiwa nimeketi mbele ya simu ya dharura ya kazini.

Chanzo cha pili ni mizaha. Namba ya bure huvutia watoto wenye simu ya mama, na mhudumu akishatukanwa mara 30 asubuhi anaanza kupokea kwa uvivu. Cha tatu ni zamu ya mtu mmoja. Akienda chooni au kuswali, jiji zima linasubiri.

Kipimo ni rahisi. Kwa wiki nzima, mtu wako apige namba hiyo mara tatu kwa siku, kwa laini isiyo na salio, akibadilisha mtandao, na mara moja iwe usiku wa manane. Aandike sekunde hadi sauti ya binadamu isikike. Kama 112, 114 na 115 hazirushiani simu papo hapo, anza na makubaliano hayo: anayepokea asimwambie mtu "piga namba nyingine", amuunganishe yeye.

Dalili: "Tuliwaambia anapumua, wakaja taratibu"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza kazi kwa uchungu. Simu ilikuwa hivi:

"Dada, baba kaanguka bafuni, hajitambui!"

"Uko wapi, mdogo wangu?"

"Mbagala Kizuiani."

"Anapumua?"

"Anapumua, anakoroma."

Mwenzangu akaandika "anapumua", na simu ikapangwa nyuma ya ajali ya bodaboda. Ule haukuwa usingizi. Moyo ukisimama, mwili unaweza kuendelea kuvuta pumzi za kukata tamaa kwa dakika za mwanzo: mkoromo, kutweta, mdomo kufunguka kama samaki aliyetolewa majini. Nyumbani wanasema "anakoroma", "anavuta pumzi kwa mbali", wengine "roho inamtoka". Maneno hayo matatu yapigiwe mstari mwekundu kwenye kila dawati. Kwa mtu ambaye moyo umesimama, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa moyo kwa umeme hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Hakuna gari Dar litakaloshinda hesabu hiyo likitokea mbali. Anayeweza kuishinda ni kijana aliye bafuni na baba yake.

Kwa hiyo swali la "anapumua?" peke yake ni bovu. Badala yake: "Mvute mahali pakavu, alale chali. Weka mkono juu ya tumbo lake. Kila likipanda, niambie 'sasa'." Halafu nyamaza, tazama saa. Sekunde kumi zikipita na "sasa" ni moja au hakuna, acha kuuliza: "Weka kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko, sukuma chini kwa nguvu. Hesabu nami: moja, mbili, tatu, nne." Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6. Usikate simu hadi wahudumu waingie mlangoni.

Kadi za maswali ya simu za dharura zilianzia Salt Lake City, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa daktari Jeff Clawson. Ni wazo zuri, lakini usizitafsiri mezani kwa kamusi. Sikiliza rekodi za wapigaji wako. "Kapandwa na presha" inaweza kuwa kizunguzungu, inaweza kuwa kiharusi. Kwa hiyo fuatisha: mdomo umeenda upande? Mkono mmoja umelegea? Tangu saa ngapi? "Kaishiwa nguvu" ndiyo mbaya kuliko zote, maana ndani yake mna njaa, sukari iliyoshuka, damu inayovuja tumboni na moyo.

Dalili: gari limepangiwa, bado liko pale pale

Zaidi ya dakika mbili au tatu, kuna kitu cha aibu. Mara nyingi ni kimoja kati ya vinne: funguo ziko ofisini kwa mtu aliyekwenda nyumbani, mafuta yanahitaji sahihi ya bosi, dereva yupo lakini muuguzi inabidi atolewe wodini kila mara, au gari limetumwa kuchukua barua na maboksi. Hili la mwisho halihitaji mtaalamu. Gari la dharura lisibebe kingine, basi.

Kagua pia mwanzo wa zamu, kwa mkono na si kwa mdomo: fungua mtungi wa oksijeni usome geji, washa mashine ya kufyonza makohozi, hesabu glavu. Nimeona mtungi uliotiwa tiki ya "umejaa" siku tisa mfululizo. Ulikuwa hauna hata mfuniko.

Dalili: "Walifika mtaani, wakatupita"

Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilitupa namba za nyumba na majina ya barabara, na programu ya anwani hizo, NaPA, inaweza kumwonyesha dereva njia. Itumie. Ila anayepiga simu saa 9 usiku hatasoma kibao cha nyumba; atakwambia "Buza kwa Lulenge, ukishuka pale kuna duka la Mpemba". Usimkatalie. Andika zote mbili, kisha uliza maswali matatu ambayo hayapo kwenye ramani yoyote: gari linaingia hadi mlangoni? Nani atasimama barabarani na tochi? Nipe namba yake.

Katika sehemu za Tandale, Manzese na Keko, jibu la swali la kwanza mara nyingi ni hapana. Basi anwani muhimu si ya nyumba, ni ya pale gari linapoishia. Kaa na wenyeviti wa serikali za mitaa, tembea nao kwa miguu, mkubaliane sehemu za kukutania: kona ya msikiti, lango la shule, darajani. Ziandikwe kwenye dawati la simu kwa majina wanayoyatumia wenyewe. Gari libebe machela ya kukunja, maana ile ya magurudumu kwenye mchanga na mitaro ni mzigo wa watu sita.

Dalili: wastani ni mzuri, wananchi wanalalamika

Mwamini mwananchi. Chukua mfano wa simu kumi zilizofikiwa kwa dakika 6, 7, 7, 8, 8, 9, 10, 12, 38 na 55. Wastani ni dakika 16, unaandikwa kwenye ripoti na watu wanapiga makofi. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyesubiri dakika 16. Wanane walihudumiwa vizuri sana, wawili walitelekezwa. Ripoti kwa namna nyingine: wagonjwa tisa kati ya kumi tuliwafikia ndani ya dakika ngapi? Jibu ni 38, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza. Kisha weka hao wawili kwenye ramani. Ukikuta wote wako Chamazi, au ng'ambo ya Kigamboni, tatizo lako lina anwani.

Tatizo lenyewe ni maegesho. Magari yetu hulala hospitalini kwa sababu hospitali ina geti na mlinzi, lakini watu wamehamia Kimara, Tegeta, Gongo la Mboto, Chanika. Sogeza magari yafuate simu, na yafuate saa. Asubuhi foleni inaelekea mjini. Gari likitoka mjini kwenda Kimara linakimbia vizuri, linafika mapema, na takwimu zinang'aa. Kisha linarudi na mgonjwa katikati ya foleni ya Morogoro Road. Ukipima kufika tu, hutaiona hasara hiyo. Mgonjwa wa Mbezi saa 2 asubuhi, kama hali yake inaruhusu, huenda ni bora aelekezwe hospitali ya Mloganzila, kinyume na foleni.

Njia za mabasi ya mwendokasi zinaokoa dakika, lakini mkubaliane kwa maandishi na wasimamizi wake na trafiki, wajue namba za magari yenu, ili dereva asianze kujieleza mbele ya askari huku mgonjwa anatapika. Na kila masika uwe na ramani ya pili. Jangwani ikijaa maji, Morogoro Road inakatika na jiji linagawanyika mapande mawili. Kigamboni isitegemee kivuko. Tangu 2016 kuna Daraja la Nyerere, na hata hivyo gari moja linapaswa kulala upande ule.

King'ora nacho kina heshima yake. Likipiga king'ora kila gari, hata linalorudi tupu kuwahi chakula, madereva wa daladala wanaacha kupisha. Tumejifanyia wenyewe.

Dalili: gari limefika hospitali, halirudi

Usiku mmoja, hospitali moja ya hapa mjini, gari letu liliingia getini saa 3:10. Mgonjwa akasukumwa ndani. Saa 4:25 nikampigia dereva, nina simu mbili zinasubiri, moja Tabata, moja Vingunguti.

"Uko wapi, kaka?"

"Nipo nje hapa, dada. Machela yangu bado ina mtu."

Hakukuwa na kitanda, kwa hiyo mgonjwa alibaki koridoni juu ya machela yetu, na gari bila machela ni teksi tu. Dereva alikuwa ameketi kwenye benchi la simenti, hindi la kuchoma mkononi, na wala sikuweza kumlaumu. Dakika 75. Kesho yake mtu angesema magari hayatoshi.

Kipimo: toa saa ya kufika hospitali kwenye saa ya "niko huru". Ikizidi dakika 20 mara kwa mara, ugonjwa uko ndani ya hospitali, siyo barabarani. Dawa ya bei rahisi kuliko zote ninazozijua katika kazi hii ni machela kwa machela: hospitali iwe na machela tatu au nne za aina ile ile pale mapokezi ya dharura, tunaacha moja, tunachukua moja. Pili, awepo muuguzi mmoja kwa kila zamu ambaye kazi yake ni kupokea magari. Tatu, dakika ya 20 ikipita, simu iende kwa mkuu wa zamu moja kwa moja, na iandikwe.

Halafu piga simu kabla ya kufika. Si "tunakuja na mgonjwa". Sema: "Mama miaka 34, anatoka damu nyingi baada ya kujifungua, presha 80 kwa 50, tunafika dakika 12." Damu ya uzazi inaweza kuua ndani ya saa mbili, na dakika 12 zinatosha kuita daktari na kuandaa damu. Hospitali ikisema haina damu, ni afadhali isemwe mkiwa Buguruni kuliko mkiwa mlangoni.

Hilo linagusa mgonjwa kuhamishwa hospitali hadi hospitali. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zinapokea wengi, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini aliyevunjika mifupa na kuumia kichwa ataishia MOI, taasisi ya mifupa, na wa moyo ataishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, zote ziko eneo la Muhimbili. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara yake ya magonjwa ya dharura, na tangu hapo nchi inafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Watumie: wakae na dawati la simu, waandike karatasi moja inayosema nani aende wapi moja kwa moja, na nani asimame njiani kwanza apate hewa na damu. Mhudumu asilazimike kuamua peke yake akiwa amepiga magoti nyuma ya gari.

Dalili: mgonjwa kafika kwa bajaji

Hii si hitilafu ya kuondoa. Majeruhi wengi mjini hapa hufikishwa na bajaji, teksi, difenda ya polisi au migongo ya watu, na itakuwa hivyo muda mrefu. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wafanyabiashara na wapita njia walianza kufukua kabla vyombo vya uokoaji havijakamilika eneo la tukio. Ukiwafundisha hao, umeongeza huduma bila kununua tairi.

Anza na vijiwe vya bodaboda, mchana wakati abiria wachache. Mambo matatu tu: kukandamiza jeraha linalovuja bila kuachia, kumlaza ubavu asiyejitambua anayepumua vizuri, na kutomkunja mtu aliyeumia shingo ili atoshe kwenye kiti. Watakuuliza nani atalipa mafuta, na ni swali la haki. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, umelijibu: pasipo na gari la wagonjwa, dawati linampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake inaingia kwenye simu. Hakuna vocha ya kusubiri mwezi mzima.

Watakuuliza pia kuhusu PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Bado wapo wanaompitisha majeruhi kituo cha polisi kwanza, damu inachuruzika, kwa kuogopa kufukuzwa hospitali. PF3 ni karatasi ya ushahidi. Ndugu mmoja aifuate polisi, mgonjwa aende hospitali. Kama walinzi wa geti lako bado wanaiulizia, waite kikaoni kabla ya kuwaita bodaboda.

Umepita kote, bado simu zinasubiri

Sasa ndiyo uhesabu magari. Tuseme saa za pilika zinaingia simu nne kwa saa, na kila safari inalishika gari saa moja na nusu hadi liwe huru. Nne mara moja na nusu ni sita: magari sita yako kazini muda wote. Ukiwa na sita tu, simu inayofuata inasubiri. Ili pawepo la karibu kila simu inapoita, panga kila gari liwe kazini kama asilimia 40 ya muda: sita gawa kwa 0.4, yaani magari 15.

Rudia hesabu hiyo baada ya kupunguza nusu saa ya kusubiri hospitalini. Nne mara moja ni nne, na kwa asilimia 40 ile ile unahitaji magari 10.

Na gari si bati na taa. Kiti kimoja kinachokaliwa usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Mtu mmoja akifanya kazi saa 40 kwa wiki, ukiweka likizo na kuugua, kinahitaji watu kama watano. Gari lenye viti viwili vya wahudumu ni watu 10. Magari matano yaliyotoweka kwenye hesabu ya pili ni mishahara 50, na nusu saa iliyoyaondoa ni ile iliyokuwa imelala koridoni juu ya machela.